Kloroplasti na kazi mbili zinazofichwa na mlinganyo mmoja

Mlinganyo wa usanisinuru ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo mwanafunzi wa biolojia hukariri, awe anasoma Gulu, Mbarara au Kampala: hewa ya ukaa na maji, penye mwanga na klorofili, hutoa sukari na oksijeni. Mlinganyo huo si wa uongo. Hata hivyo umebanwa mno, na kubanwa huko kumezaa dhana potofu ambazo watu wengi hubaki nazo miaka mingi baada ya kumaliza masomo: kwamba oksijeni tunayoivuta imetoka ndani ya hewa ya ukaa, kwamba mwanga wenyewe hugeuka kuwa sukari, kwamba mbolea ndiyo chakula cha mmea, na kwamba mimea hupumua usiku tu. Karibu dhana zote hizo huondoka pale mtu anapoelewa jambo moja, yaani kwamba kloroplasti hufanya kazi mbili zilizo tofauti kabisa, katika sehemu zake mbili tofauti, na kwamba kazi hizo huunganishwa na vibebaji viwili tu vya nishati. Makala hii inafuata uzi huo mmoja, kutoka ndani ya jani hadi shambani.

Tuanze na mahali penyewe. Ukikata kipande chembamba sana cha jani la mgomba kwa wembe na kukitazama chini ya hadubini, utaona kwamba ngozi ya juu ya jani haina rangi. Nuru hupita humo kama ilivyo. Chini ya ngozi hiyo zimo seli ndefu zilizosimama wima, na ndani ya kila moja kumejaa vidonge vya kijani, makumi kadhaa katika seli moja na wakati mwingine zaidi ya mia. Hivyo vidonge ndivyo kloroplasti. Urefu wa kila kimoja ni kati ya mikromita 5 na 10, maana yake ni kwamba ukivipanga mfululizo utahitaji mia moja au zaidi ili kufikia milimita moja. Ukijani wote wa jani, na kwa hakika ukijani wote wa vilima vya Uganda, umo ndani ya vidonge hivyo. Seli inayovizunguka haina rangi hiyo hata kidogo. Ukiumenya mgomba uliokwisha kukatwa, ganda baada ya ganda, utaona maganda ya nje yana ukijani na ya ndani ni meupe. Seli za ndani zina chembe za ukoo uleule, zinazoitwa plastidi, lakini kwa kuwa hazikuona jua hazikukua na kuwa kloroplasti.

Kloroplasti hazikai mahali pamoja ndani ya seli. Mwanga unapokuwa hafifu, hutandaa kwenye kuta zinazoelekea nuru ili zipate mwanga mwingi iwezekanavyo. Jua linapokuwa kali mchana, hujisogeza kwenye kuta za kando na kukingana zenyewe kwa zenyewe. Mwendo huo huweza kuonekana kwa hadubini ya kawaida ya shule katika majani membamba ya mimea ya majini, kwa yule aliye na subira ya kutazama kwa muda.

Muundo wa ndani ndio wenye ufunguo wa mambo yote. Kloroplasti imefunikwa na tando mbili, moja ndani ya nyingine. Ndani yake mna ute unaoitwa stroma, na ndani ya ute huo mna mfumo wa tatu wa tando, wa vifuko bapa viitwavyo thilakoidi, ambavyo mahali pengi vimepangwa juu kwa juu kuwa marundo yaitwayo grana. Klorofili haielei ovyo katika ute. Imefungwa pamoja na protini ndani ya tando za thilakoidi. Kwa hiyo zipo sehemu mbili za kukumbuka, tando za thilakoidi na ute wa stroma. Kazi ya kwanza hufanyika kwenye tando na ya pili kwenye ute.

Kazi ya kwanza ni kunasa nuru na kupasua maji. Klorofili hunyonya zaidi rangi za bluu na nyekundu zilizomo katika mwanga wa jua, na rangi ya kijani huinyonya kidogo, ndiyo maana sehemu ya kijani hutawanywa na kurudi machoni petu. Mwaka 1882 mwanasayansi wa Ujerumani, Theodor Engelmann, alilithibitisha hilo kwa jaribio ambalo naliona kuwa miongoni mwa majaribio maridadi zaidi katika historia ya biolojia. Alimulika uzi wa mwani kwa mwanga uliotenganishwa katika rangi zake, kisha akaweka katika maji hayohayo bakteria wanaopenda oksijeni. Bakteria walikusanyika kwa wingi palipoangukiwa na rangi nyekundu na bluu, na katika eneo la kijani walikuwa wachache. Bila kifaa chochote cha kupimia gesi, bakteria wenyewe walimwonyesha ni wapi oksijeni ilikuwa ikitolewa.

Nuru inapoifikia klorofili, huzipa elektroni zake nguvu ya kutoka zilipokuwa. Elektroni hizo hukabidhiwa kwa protini moja baada ya nyingine ndani ya utando. Klorofili iliyopoteza elektroni lazima ipate nyingine, na huzipata kutoka kwenye maji. Kikundi kidogo cha atomi nne za manganizi na moja ya kalisi, kilichoshikiliwa na protini katika utando wa thilakoidi, hupasua molekuli mbili za maji kwa mpigo na kutoa elektroni nne, protoni nne na molekuli moja ya oksijeni. Hakuna kiumbe wala kiungo kingine kinachojulikana katika maumbile ambacho huweza kupasua maji kwa nguvu ya nuru namna hiyo, ila kloroplasti na bakteria ambao ni jamaa zake, tutakaowafikia baadaye.

Hapa ndipo dhana potofu ya kwanza inapoanguka. Oksijeni hutoka kwenye maji. Mlinganyo uliofupishwa, wenye molekuli 6 za maji upande mmoja na molekuli 6 za oksijeni upande wa pili, hauwezi kuonyesha jambo hilo, na kila mwanafunzi anaweza kuhakiki kwa hesabu: molekuli 6 za maji zina atomi 6 tu za oksijeni, ilhali molekuli 6 za gesi ya oksijeni zinahitaji atomi 12. Mlinganyo ulio kamili huanza na molekuli 12 za maji na kuishia na molekuli 6 mpya za maji upande wa matokeo. Walimu huzifuta hizo 6 pande zote mbili ili mlinganyo uwe mfupi, na kwa kuzifuta hufuta pia asili ya oksijeni. Kwa maoni yangu ufupisho huo unagharimu kuliko unavyookoa.

Ushahidi wa jambo hili ulikuja kwa hatua. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Robert Hill wa Cambridge, Uingereza, alizitoa kloroplasti nje ya seli na kuziweka kwenye mwanga pamoja na chumvi ya chuma iliyoweza kupokea elektroni, na hapakuwa na hewa ya ukaa. Kloroplasti zilitoa oksijeni. Kama oksijeni ingekuwa inatoka kwenye hewa ya ukaa, jambo hilo lisingewezekana. Mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen, nchini Marekani, waliupa mwani maji yaliyokuwa na oksijeni nzito, ile ya aina ya 18, na gesi iliyotoka ikawa na oksijeni hiyohiyo nzito. Walipoiweka oksijeni nzito katika kaboneti, chumvi inayoupa mwani hewa ya ukaa, badala ya maji, gesi haikuwa nayo.

Elektroni zinaendelea na safari, huongezewa nguvu na nuru kwa mara ya pili, na hatimaye hupandishwa kwenye kibebaji kiitwacho NADPH. Lakini wakati wa safari yao hufanya jambo jingine kubwa: nguvu yao hutumika kusukuma protoni kutoka kwenye stroma kuingia ndani ya vifuko vya thilakoidi. Protoni hurundikana ndani, utando hauziruhusu kurudi ovyo, na njia ya kutokea ni moja tu, kupitia kimeng'enya kilichochomekwa katika utando huo. Mtu aliyepita Jinja na kuliona bwawa la Nalubaale ameshaona namna hali hiyo inavyofanya kazi: maji yaliyozuiliwa upande mmoja yana nguvu kwa sababu tu yamezuiliwa, na yakipewa njia nyembamba huzungusha mtambo. Kimeng'enya cha thilakoidi nacho huzunguka kwelikweli. Katika kloroplasti za spinachi kina pete ya vipande 14, protoni 14 hupita kwa kila mzunguko mmoja, na kila mzunguko huunda molekuli 3 za ATP, ambayo ni kibebaji cha nishati kinachotumiwa na kila seli iliyo hai.

Bwawa hilo lilifunguliwa mwaka 1954, na kwa sadfa mwaka huohuo Daniel Arnon na wenzake huko Marekani walitangaza kwamba kloroplasti zilizotolewa nje ya seli huweza kuunda ATP kwa kutumia nuru pekee. Namna zilivyoiunda ilibaki kuwa fumbo mpaka Peter Mitchell alipopendekeza mwaka 1961 kwamba siri iko katika protoni zilizorundikwa upande mmoja wa utando. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1966 André Jagendorf na mwenzake walichukua thilakoidi, wakaziloweka katika maji yenye asidi mpaka protoni zikajaa ndani, kisha wakazihamishia ghafla kwenye maji yasiyo na asidi, yote hayo gizani. ATP iliundwa bila nuru yoyote. Maana yake ni kwamba nuru haiundi ATP moja kwa moja. Hurundika protoni, na protoni ndizo zinazofanya kazi iliyobaki. Mitchell alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1978.

Kazi ya kwanza inaishia hapo. Matokeo yake ni ATP, NADPH na oksijeni ambayo kwa kloroplasti ni taka tu. Hakuna sukari iliyokwisha kutengenezwa, na hewa ya ukaa bado haijaguswa.

Kazi ya pili hufanyika katika stroma, nayo ni kujenga sukari kutokana na hewa ya ukaa. Hatua zake zilifumbuliwa huko Berkeley, California, na kundi la Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham, kwa kutumia kaboni yenye mnururisho, kaboni-14, ambayo ilikuwa imegunduliwa mwaka 1940 na walewale Ruben na Kamen. Waliupa mwani hewa ya ukaa yenye kaboni hiyo, wakausubiri kwa sekunde chache, kisha wakaumwaga katika alkoholi ya moto ili kila kitu kisimame palepale kilipofikia. Kadiri walivyofupisha muda ndivyo kaboni-14 ilivyoonekana katika aina chache zaidi za molekuli, mpaka ikabaki kwa wingi katika moja, asidi yenye atomi tatu za kaboni. Hiyo ndiyo ilikuwa zao la kwanza. Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961 akiwa peke yake, na ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mikono na ya akili ilikuwa ya Benson.

Kimeng'enya kinachoinasa hewa ya ukaa na kuianzisha safari hiyo kinaitwa rubisko. Huishika molekuli ya hewa ya ukaa na kuiunganisha na sukari yenye atomi tano za kaboni, na matokeo hugawanyika kuwa zile asidi mbili zenye kaboni tatu kila moja. Kisha ATP na NADPH zilizotoka kwenye thilakoidi hutumika kuzigeuza asidi hizo kuwa sukari ndogo, na sehemu kubwa ya sukari hiyo hurudishwa kuunda upya ile yenye kaboni tano ili mzunguko uendelee. Ili kupata sukari ndogo moja iliyo faida halisi, mzunguko hupokea molekuli 3 za hewa ya ukaa na kutumia ATP 9 na NADPH 6. Kwa hesabu hiyo unaona kwamba nuru haikugeuka kuwa sukari. Atomi za sukari zimetoka kwenye hewa na maji. Nuru imelipia tu gharama ya kuziunganisha.

Vitabu vingi vya zamani huiita kazi hii ya pili hatua ya giza, na wanafunzi wengi hudhani kwamba hufanyika usiku. Si hivyo. Hufanyika mchana, sambamba na ile ya kwanza, na giza likiingia husimama karibu mara moja. Si kwa sababu tu ya kukosa ATP na NADPH, bali pia kwa kuwa vimeng'enya vyake kadhaa huwashwa na elektroni zitokazo kwenye thilakoidi na kuzimwa zinapokoma. Jina linalofaa ni hatua isiyotumia nuru moja kwa moja, ingawa ni refu.

Sehemu ya sukari hiyo ndogo hutoka nje ya kloroplasti na kuundwa kuwa sukari ileile tuijuayo ya miwa, ambayo husafirishwa katika mishipa ya mmea hadi kwenye mkungu wa matoke, kiazi kitamu au mzizi wa muhogo. Sehemu nyingine hubaki ndani ya kloroplasti na kugeuzwa kuwa chembe za wanga, akiba ya usiku. Uganda, ikiwa imepitiwa na ikweta, ina usiku wa karibu saa 12 mwaka mzima, na jani huitumia akiba hiyo polepole ili ifike alfajiri.

Wanga huo ndio unaotafutwa katika jaribio la iodini. Chagua jani lenye mabaka meupe na ya kijani, lililokaa juani tangu asubuhi, na uchore kwenye karatasi mahali penye kila rangi. Lichovye jani katika maji yanayochemka ili life na kulainika. Kisha liweke katika spiriti ndani ya chombo kidogo kilichozamishwa katika maji ya moto, moto wenyewe ukiwa umezimwa, kwa kuwa mvuke wa spiriti huwaka upesi. Spiriti hugeuka kijani kadiri klorofili inavyotoka, na jani hubaki jeupe lote, gumu na lenye kukatika. Lisuuze kwa maji, ulidondoshee iodini. Mahali palipokuwa na ukijani hugeuka bluu inayokaribia weusi. Mahali palipokuwa peupe hubaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe, na mpaka kati ya sehemu hizo hufuata mchoro wako hatua kwa hatua. Sehemu nyeupe zilipata mwanga uleule, maji yaleyale na hewa ileile; kilichopungua ni kloroplasti zenye klorofili.

Kutoka hapo tunaweza kulishughulikia suala la mbolea na uzito wa mmea. Jan Baptist van Helmont, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648 baada ya kifo chake, alipanda mti katika chombo chenye udongo alioupima, akaunywesha maji tu kwa miaka mitano. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, na udongo ulipungua kwa gramu chache zisizofika 100. Alihitimisha kwamba mti umetokana na maji, hitimisho la nusu ya ukweli, kwa kuwa hakujua habari ya hewa ya ukaa. Takriban asilimia 45 ya uzito mkavu wa mmea ni kaboni, na kaboni hiyo yote imepita mikononi mwa rubisko. Madini ya udongoni ni asilimia chache tu.

Asilimia hizo chache, hata hivyo, ndizo zinazojenga kloroplasti yenyewe. Katikati ya kila molekuli ya klorofili ipo atomi moja ya magnesi, na protini za thilakoidi pamoja na rubisko zinahitaji naitrojeni kwa wingi. Sehemu kubwa ya naitrojeni yote ya jani imo ndani ya kloroplasti. Ndiyo sababu upungufu huonekana kwanza kama rangi. Mahindi yaliyokosa naitrojeni huanza kuwa ya njano kwenye majani ya chini, kwa kuwa mmea huvunja kloroplasti za majani makuukuu na kuyapelekea machanga naitrojeni yake. Magnesi ikipungua, majani ya chini hugeuka njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Chuma kikikosekana, ni majani machanga yanayoanza, kwa kuwa chuma hakihamishiki kwa urahisi. Mkulima anayejua tofauti hizo hununua kile kinachohitajika. Na hilo ndilo jibu la dhana ya mbolea: haimlishi mmea, bali humwezesha kujenga na kutunza vyombo vya kujilishia.

Kuhusu kupumua, maelezo ni mafupi. Seli za mmea zina mitokondria kama zetu, nazo hutumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa mchana na usiku. Mchana kloroplasti hutoa oksijeni nyingi kuliko inayotumika, usiku hubaki matumizi peke yake. Wapo wanaoonya kwamba mimea chumbani humnyima hewa mtu aliyelala. Kiasi kinachotumiwa na mimea michache ya vyungu ni kidogo sana kuliko anachotumia mtu wa pili aliyelala humo.

Rubisko inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ina udhaifu unaogusa mashamba yetu moja kwa moja. Kwanza ni ya polepole: hushughulikia molekuli chache tu, takriban tatu kwa sekunde, ilhali vimeng'enya vingi hufikia mamia au maelfu. Mmea hufidia kwa kuijaza tele, na inahesabiwa kuwa protini iliyo nyingi kuliko zote duniani. Pili, hukosea. Katika joto la nyuzi 25 hivi, karibu mara moja katika kila mara nne au tano hushika oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na mmea hulazimika kutumia nishati na kupoteza kaboni ili kurekebisha kosa hilo. Joto likizidi, makosa huongezeka. Jua likiwa kali na mmea ukafunga vinyweleo vya majani ili kutunza maji, hewa ya ukaa hupungua ndani ya jani, na hali huwa mbaya zaidi. Maharagwe, kahawa, viazi na migomba yote hukabiliwa na tatizo hilo.

Mahindi, mtama, wimbi na miwa yamepata njia ya kulikwepa. Kazi ya uvumbuzi huo ilianza na watafiti wa miwa huko Hawaii na kukamilishwa na Hal Hatch na Roger Slack nchini Australia katika miaka ya 1960. Katika jani la mua, kloroplasti ziko za aina mbili. Seli za nje huinasa hewa ya ukaa kwa kimeng'enya kingine kisichokosea, na kuitia katika asidi yenye kaboni nne. Asidi hiyo husafirishwa hadi kwenye seli zilizozunguka mishipa ya jani, ambako huachilia hewa ya ukaa kwa wingi kuizunguka rubisko, mpaka oksijeni inakosa nafasi. Kloroplasti za seli hizo za ndani, katika mahindi na miwa, karibu hazina grana, hivyo hazitoi oksijeni nyingi ya kuisumbua rubisko. Mpangilio huo hugharimu ATP za ziada kwa kila molekuli ya hewa ya ukaa, gharama inayolipika kwa urahisi pale jua na joto vinapokuwa tele. Hivyo haishangazi kwamba mtama na wimbi vinastahimili joto na ukame wa Teso na Karamoja, na kwamba viazi vinaona raha katika baridi ya milima ya Kigezi. Mafunjo ya mabwawani, ambayo hukua kwa kasi kubwa kandokando ya Ziwa Victoria, nayo yanatumia njia ya kaboni nne. Nanasi la Kayunga au Luweero lina njia yake tofauti: hufungua vinyweleo usiku, huhifadhi hewa ya ukaa kwa umbo la asidi, kisha mchana hufunga na kuipa rubisko kile lilichokihifadhi.

Sasa wale jamaa wa kloroplasti. Mwaka 1905 Mrusi Konstantin Mereschkowsky aliandika kwamba kloroplasti zilikuwa zamani viumbe huru walioingia katika seli nyingine na kubaki humo. Wazo hilo lilipuuzwa kwa muda mrefu, likafufuliwa na Lynn Margulis mwaka 1967, na leo halina mpinzani wa maana. Kloroplasti ina DNA yake, yenye umbo la duara kama ya bakteria. Ile ya tumbaku ilisomwa yote mwaka 1986 na kuonekana ina jozi za besi, yaani herufi za DNA, zipatazo 156,000. Huzaliwa kwa kugawanyika yenyewe, kwani seli haiwezi kuiunda upya kutoka kitu kisichokuwepo. Lakini jeni zake zimebaki zaidi kidogo ya mia, na protini nyingi inazozihitaji, maelfu, huandikwa katika DNA ya kiini na kuingizwa kutoka nje. Rubisko yenyewe ni ushahidi wa ushirika huo: kipande chake kikubwa huandikwa na jeni ya kloroplasti, na kidogo na jeni ya kiini.

Bakteria hao, sayanobakteria, wapo hadi leo, na wakazi wa Kampala huwaona. Ule utando wa kijani unaotanda juu ya maji ya Ghuba ya Murchison, ambako mitambo ya Ggaba huchota maji ya mji, kwa sehemu kubwa ni wao. Hupasua maji na kutoa oksijeni kwa manganizi na kalisi vilevile kama jani la mgomba. Huongezeka kwa sababu maji taka yanayoingia ziwani huwaletea naitrojeni na fosforasi, na wakiwa wengi hufanya usafishaji wa maji uwe mgumu na wa gharama, mbali na sumu ambazo baadhi yao hutoa.

Kwa kuwa kila kitu cha mmea hupitia kloroplasti, maadui wa mmea nao huilenga. Atrazini, dawa ya magugu inayotumiwa katika mahindi, huziba mahali ambapo elektroni hupita katika utando wa thilakoidi. Gugu hubaki likipokea nuru ambayo haliwezi kuitumia, na nguvu hiyo huliharibu lenyewe. Mahindi hunusurika kwa kuwa yana vimeng'enya vya kuivunja dawa hiyo. Dawa hiyo hufika pia katika maji ya ardhini, jambo la kuzingatiwa na kila anayelima karibu na kisima.

Mfano ulioumiza Uganda kuliko yote ni mosaiki ya muhogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa huo ulianza kuenea kwa ukali mpya kutoka maeneo ya Luweero, na katika miaka ya 1990 wakulima wengi waliacha kabisa kulima muhogo. Uligundulika kusababishwa na virusi vilivyochanganya sehemu za virusi viwili vya awali, vikisambazwa na inzi weupe na vipando vilivyoambukizwa. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Namulonge walitoa aina zinazouhimili, na muhogo ukarudi. Katika jani lenye ugonjwa, mabaka ya njano ni mahali ambapo klorofili imepungua na kloroplasti hazikujengeka sawasawa; jani hujikunja, eneo lake la kupokea nuru hupungua, na mzizi hukosa sukari ya kugeuza kuwa wanga. Mmea uliopandwa kwa kipando chenye virusi hupata hasara kubwa kuliko ulioambukizwa na inzi ukiwa umekwisha kukua, kwa kuwa wa kwanza haujapata kamwe kuwa na majani mazima. Kwa sababu hiyo mimea ya kutoa vipando inapaswa kuchaguliwa na kutiwa alama mapema, majani yakiwa bado juu yake. Shina likishapukutika, lililo na virusi na lisilo navyo hufanana.